Siku Mto Ulipombeba Doa

Mvua haikuwa imenyesha pale tulipokuwa. Ilikuwa imenyesha mbali, upande wa juu wa mto, kwenye vilima ambavyo mtu akisimama ukingoni havioni, na ndiyo maana anga lilikuwa jeupe na jua kali wakati mimi na mdogo wangu tulipofika na mbwa wetu, Doa. Kabla ya jambo lolote niliyatazama maji, kama ilivyo desturi yangu. Jiwe kubwa ambalo siku zote nusu yake hutokeza juu lilikuwa limefunikwa kabisa, na kilichoonyesha lilipo ni mvimbo mdogo tu wa maji yaliyopita juu yake. Rangi ya mto ilikuwa ya udongo, na katikati ya mkondo yalipita majani mabichi na vijiti, dalili kwamba maji yalikuwa bado yanapanda na kuzoa kila yalichokikuta kando. Niliamua kwamba Doa asingeogelea siku hiyo. Tungetembea naye juu ya ukingo akiwa na kamba yake, kisha turudi.

Hata hivyo tulimvalisha jaketi lake la kuelea. Katika hili nina msimamo usiobadilika: mbwa huvaa jaketi kwa sababu yuko karibu na mto, hata kama hakuna aliyepanga aingie majini. La Doa lilikuwa la rangi ya machungwa iliyokolea, lenye mikanda miwili ya kupita chini ya tumbo na kishikio imara mgongoni, ambacho mtu anaweza kukikamata kwa mkono mmoja akamnyanyua. Wengi husema mbwa huzaliwa akijua kuogelea, na ni kweli kwamba wengi wao huanza kupiga miguu mara tu wanapoingia majini, lakini kupiga miguu na kufika nchi kavu ni mambo mawili. Mbwa mwenye pua fupi na kifua kizito hulazimika kuinua kichwa sana ili apumue, sehemu ya nyuma huzama, naye huchoka upesi. Doa ana pua ndefu na miguu yenye nguvu, ila uhodari huo peke yake usingemtoa siku ile.

Tulikuwa tukipita upande wa nje wa kona ya mto. Maji yanapopinda, huenda kasi zaidi na huchimba zaidi upande huo, hivyo ukingo huliwa kwa chini huku juu nyasi zikiendelea kusimama kana kwamba ardhi ni nzima. Kwa kulijua hilo tulikuwa tumejitenga na ukingo hatua kadhaa. Kipande kilichomeguka, hata hivyo, kilikuwa kipana mno. Nilisikia mlio mzito, mdogo wangu akaanguka kwa magoti kwenye ukingo mpya uliofika mbele ya miguu yake, kamba ikamponyoka mkononi, na Doa akashuka pamoja na udongo ndani ya maji.

Aliibuka mara moja, jaketi likiwa limembeba vizuri, kichwa juu. Kilichonitia hofu kuliko maji yenyewe ni ile kamba iliyokuwa ikimfuata nyuma. Mdogo wangu alikuwa tayari amevua kiatu kimoja.

"Dada, niachie! Anakufa!"

"Huingii," nilimwambia, nikiwa nimemshika shati kwa mikono miwili. "Huingii. Kimbia na mimi."

Sikuwa na ujasiri wowote wakati ule. Nilikuwa na jambo moja tu akilini. Watu wamekufa maji kwa kuwafuata mbwa ambao baadaye walitoka wenyewe, mita kadhaa chini ya pale walipoingilia. Mbwa ana miguu minne na hana nguo za kulowa zikamlemea. Mtu akimfikia, mbwa aliyejaa hofu hujaribu kumpanda kichwani, na wote wawili huzama. Kinachomsaidia mbwa ni mtu kuwahi mbele yake akiwa nchi kavu, mahali ambapo maji yanapungua kasi, na kumwita kwa jina. Mahali hapo nilipajua: baada ya kona ile mto hupinda tena kinyume, na upande uliokuwa wa nje huwa wa ndani, wenye maji mafupi na mchanga. Tulikimbia kuelekea huko.

Kati yetu na mchanga ule kulikuwa na mti ulioangukia mtoni. Mti wa namna hiyo mtu asiyeujua mto huuona kama msaada, kitu cha kushika. Kumbe ni mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu maji hupita katikati ya matawi bila kizuizi, ila chochote chenye mwili hubanwa hapo na kusukumwa chini. Msukumo wenyewe si wa kubishana nao: kasi ya maji ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Niliita, "Doa! Huku! Doa!" naye akageuza kichwa kunifuata, akaogelea kimshazari, si kwa kupingana na mkondo bali kwa kusukumwa nao huku akisogea upande wetu. Akaikwepa ncha ya mti kwa nafasi ndogo mno. Kamba haikuikwepa. Kitanzi cha mkononi kilinasa kwenye tawi la mwisho, kamba ikakaza, na maji yakaanza kupita juu ya mgongo wake na kichwa chake.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa kwenye mchanga, chini kidogo ya mti, akitengeneza mtumbwi wake. Aliuona mkasa kabla hatujamwita. Mdogo wangu alipotaka kupanda juu ya gogo, mzee alimnyoshea mkono wa kumzuia.

"Mwanangu, msikilize dada yako. Mti ule ukikushika, haukuachii."

Akachukua upondo wake mrefu, akasimama maji yakimfikia kwenye vifundo tu, akaunyosha hadi kwenye lile tawi. Alilipiga mara kadhaa karibu na mahali kitanzi kilipoingia, pigo fupi fupi za mtu anayejua kazi yake, mpaka likavunjika. Doa akaachiliwa pamoja na kipande cha tawi, akaletwa na maji yaliyotulia hadi mbele yangu, nami nikakamata kishikio cha mgongoni na kumburuta mchangani.

Alikuwa akipumua. Hilo ndilo nililolitazama kwanza, kisha nikamfunua mdomo kutazama fizi, ambazo zilikuwa zimepauka lakini hazijawa za bluu. Kama asingepumua, kazi ingekuwa nyingine: kumlaza ubavu, kumkandamiza kifua mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha kumfunga mdomo na kumpulizia hewa puani mara mbili, na kurudia hivyo bila kusita. Badala yake alikohoa kwa muda mrefu, akatapika maji ya rangi ya mto, akajaribu kusimama na kushindwa. Mzee alimfunika kwa gunia kavu. Tulimshukuru kwa maneno yaliyokuwa machache kuliko tulivyotaka, tukambeba Doa hadi kwa daktari wa mifugo.

Ningetamani kila anayefuga mbwa aijue sehemu hii iliyofuata, kwa kuwa wengi wakishamtoa mbwa majini huona hatari imekwisha. Joto la mwili wa Doa lilikuwa 36.9, wakati mbwa mwenye afya huwa na kama 38 hadi 39. Daktari alimkausha na kumzungushia mablanketi yenye joto la wastani, bila kumtia katika maji ya moto. Alimbonyeza tumbo na kutazama mboni za macho, kwani mbwa aliyemeza maji mengi sana chumvi ya damu yake hushuka, akayumba kama mlevi na hata kupata degedege. Aliuliza kama maji yalikuwa yametulia mahali popote na kuwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, kwa sababu mwani wa aina ile huweza kumuua mbwa kwa muda mfupi na sumu yake haina dawa ya kuipinga. Nikamjibu kwamba hapakuwa na utando. Aliuliza pia kuhusu chanjo ya leptospira, bakteria wa ugonjwa unaoletwa na mkojo wa panya na wanyama wengine majini. Doa alikuwa ameipata, na huirudia kila mwaka.

Picha ya eksirei ilionyesha ukungu kidogo katika pafu la kulia. Daktari alieleza kwamba maji yakishaingia mapafuni, hali inaweza kubadilika hata baada ya siku moja au mbili, mbwa akiwa ameshaanza kula na kutikisa mkia. Alimweka chini ya hewa ya oksijeni hadi jioni, kisha akaturuhusu kwenda naye nyumbani kwa sharti la kuhesabu pumzi zake akiwa amelala: zikizidi 30 kwa dakika na kubaki hapo, turudi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mdogo wangu alilichukua jukumu hilo. Alikaa sakafuni kando yake na saa mkononi, akiandika tarakimu kwenye daftari, na kila nilipoamka kumpokea aliniambia, "Lala, Dada, bado ni 22."

Picha ya pili ilitoka safi. Kamba tunayotumia mtoni sasa haina kitanzi wala fundo mwishoni, na imefungwa kwa kifungo kinachoachia kwa kuvutwa mara moja. Mdogo wangu ndiye anayekijaribu kabla hatujatoka.