Chipu ya Grafiki Ikifa Ndani ya Waranti, Usikimbilie Bloa

Mafundi wengi wa kompyuta hapa Dodoma, wakiletewa kompyuta mpakato inayowasha taa na kuzungusha feni huku skrini ikibaki nyeusi, huwa na tiba moja wanayoianza kabla ya nyingine zote: hufungua mashine, hutoa mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, na kuipuliza chipu ya grafiki, ile inayotengeneza picha za skrini, kwa bloa ya hewa ya moto, ile ile ya kutengenezea simu, mpaka ishike moto wa kutosha. Mara nyingi picha hurudi. Mteja hulipa, hushukuru, na haichukui muda mrefu kabla hajarudi na tatizo lile lile. Ninawaomba wenye mashine ambazo bado zina waranti wasikubali hatua hiyo hata kama fundi ni ndugu wa damu, kwa sababu bloa haiponyi ugonjwa, na papo hapo inampa muuzaji sababu ya kukataa dai.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, kazi ambayo tangu Serikali ihamie huku haijakauka, na mashine yangu niliinunua mpya katika duka moja la Dar es Salaam, kwa waranti ya miaka miwili. Ilianza kwa nukta ndogo za kijani zilizotokea kwenye sehemu nyeusi za mchoro kila nilipozungusha jengo katika ArchiCAD, programu ninayochorea majengo, kisha ikaja mistari ya wima, na hatimaye ikawa inajizima katikati ya kazi. Nilipoiunganisha na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI, mistari ile ile ilitokea kwenye televisheni pia, jambo lililoondoa shaka kwamba tatizo lilikuwa skrini au ule waya mwembamba unaopita kwenye bawaba. Kilichonithibitishia zaidi ni kwamba hata nembo ya kampuni, inayotokea kabla Windows haijaanza kupanda, ilikuwa imechanikachanika. Hapo hapakuwa tena na draiva, ile programu inayoiendesha chipu, wala programu nyingine ya kusingiziwa. Majaribio hayo mawili hayahitaji bisibisi, na ningeshauri kila mtu ayapige picha kwa simu kabla ya kumwona fundi yeyote.

Watu husema chipu “imeungua”, lakini kwa kawaida kinachotokea si kuungua. Kipande cha silikoni ambacho ndicho chipu yenyewe kimekaa juu ya kibao kidogo, na vitu hivyo viwili vimeunganishwa na vipira vidogo sana vya lehemu, huku gundi maalumu ikijaza nafasi kati yake. Silikoni ikipata joto hutanuka kwa takriban sehemu 3 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ilhali kibao kilicho chini yake hutanuka mara kadhaa zaidi ya hapo, hivyo kila mashine inapopata moto na kupoa, vipira hivyo huvutwa huku na huku. Gundi ikiwa laini kuliko inavyotakiwa, au lehemu ikiwa ya aina isiyostahimili mvuto huo, nyufa huanza, na siku moja kiungo kimojawapo huachia. Ndiyo maana mashine inayopandishwa hadi nyuzi 80 na zaidi kisha kuzimwa, mara nyingi kwa siku, inaweza kufa mapema kuliko ile inayokaa kwenye nyuzi 70 mchana kutwa.

Bloa hufanya viungo vilivyopasuka vigusane tena kwa muda. Lehemu isiyo na madini ya risasi, inayotumika katika mashine nyingi za sasa, huyeyuka karibu na nyuzi 217, na fundi mwenye bloa isiyopimwa sawasawa ama hafiki huko, ama anapita na kukunja mazabodi nzima. Hata wale mahodari wanaong’oa chipu na kuipanga upya juu ya vipira vipya hawagusi ufa wenyewe iwapo uko juu, kati ya silikoni na kibao chake. Tiba ya kweli ni chipu mpya au mazabodi mpya, na hiyo ndiyo gharama ambayo waranti iliwekwa kuibeba.

Hili si jambo la kubuni, wala halikuanzia kwenye vumbi letu. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kugharimia matengenezo ya chipu zake za kompyuta mpakato, ikikiri kwamba malighafi iliyotumika kuunganisha chipu na kibao chake ilikuwa dhaifu. Dell na HP ziliongeza muda wa waranti kwa modeli zilizoguswa. Apple, ambayo mwanzoni ilihakikishiwa kwamba kompyuta zake hazimo, ilichunguza yenyewe, na Oktoba mwaka huo ikatangaza kuzitengeneza bure MacBook Pro zenye chipu ya Nvidia iitwayo GeForce 8600M GT, ahadi ambayo baadaye ilifikishwa hadi miaka minne tangu siku ya kununua. Kuna kampuni zilizotoa pia baiosi mpya, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ili kuifanya feni izunguke muda mrefu zaidi. Mimi naiona hatua ile kuwa ya kuchelewesha kifo tu, na mwenye mashine ana haki ya kujiuliza kama kifo hicho hakikusogezwa hadi upande wa pili wa waranti.

Niliikumbuka historia hiyo nilipopiga simu dukani nikajibiwa, “Kaka, hilo ni vumbi la huko kwenu, waranti haihusiki.” Vumbi la Dodoma silibishii: kuanzia Juni upepo unapoanza kuvuma, hata sufuria iliyofunikwa huingia mchanga, na mapezi ya shaba ya kupozea yakiziba, joto hupanda kweli. Hata hivyo chipu imeundwa kujilinda, kwa maana kwamba joto likizidi hupunguza kasi yake, na likizidi zaidi mashine hujizima. Mashine iliyozibwa na vumbi huwa nzito na hupiga kelele, lakini haitarajiwi kuchora mistari kwenye nembo asubuhi ikiwa ya baridi, dakika ya kwanza ya kuwashwa. Hoja hiyo niliiandika kwenye barua pepe, nikaambatanisha picha, nakala ya risiti ya EFD na namba ya mashine iliyobandikwa chini yake, na nakala moja nikaipeleka kwa mtengenezaji mwenyewe, ambaye tovuti yake ilionyesha wazi kwamba waranti ilikuwa hai.

Katika barua hiyo nilitaja kwa upole kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa iwe na ubora unaofaa, na kwamba ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye jukumu la kumlinda mlaji. Sikutishia kwenda popote. Jibu lilibadilika lugha, mashine ikapokelewa, nayo ikarudi ikiwa na mazabodi nyingine. Kabla ya kuituma nilitoa diski yangu, baada ya kuomba ruhusa kwa maandishi, kwani kituo cha matengenezo hakiwajibiki kwa michoro ya wateja wako. Iliporudi nilidai karatasi ya kazi inayotaja kifaa kilichobadilishwa, kama ni kipya au kimekarabatiwa, na kina waranti ya muda gani, maana wapo waliopewa mazabodi yenye chipu ya toleo lile lile wakarudi kwenye foleni.

Wenye mashine za mtumba kutoka Dubai au Ulaya, zinazouzwa na “waranti ya duka” ya mwezi mmoja, hawana mlango huo, na kwao ushauri wangu ni tofauti. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato, yaani chipu kuu ya mashine, zina grafiki yake ya ndani. Ikiwa mashine bado inawaka kiasi cha kuingia kwenye baiosi, mtafute fundi aangalie kama chipu ya grafiki iliyo kando ya prosesa inaweza kuzimwa humo, au ikishindikana izimwe kupitia orodha ya vifaa ya Windows. Si kila modeli inakubali. Ikikubali, ArchiCAD itakwenda polepole mno kwa majengo makubwa, lakini barua, hesabu na michoro ya nyumba ya kawaida vitaendelea, bila bloa kugusa kitu.