Kilomita 14 zisizohesabiwa

Igogo, Mwanza. Jumapili jioni, Februari.

Leo nimepanda ngazi za kwetu mara tatu nikiwa na kilo 12 za sembe mgongoni. Pakiti sita za kilo mbilimbili, nimezikaza kwa kanga zisichezecheze, nikazitia kwenye begi alilonitumia Doto. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu ni ngazi 212. Nyingine za zege, nyingine ni mawe tu ambayo majirani wameyapanga mwaka hadi mwaka, na pale kwenye jabali la katikati ni lazima upite ubavuubavu. Mara tatu ni ngazi 636. Mimi nilikuwa naitafuta 604.

Hizo 604 ndizo ngazi zinazopanda kando ya maporomoko ya Amicalola, kaskazini mwa jimbo la Georgia, Marekani. Maji yanaanguka mita 222 kwa mikupuo, na jina lenyewe limetoka lugha ya Wacherokee, maana yake ni maji yanayoporomoka. Sijawahi kuyaona. Lakini wiki tatu sasa nikiamka usiku kugeuza mto, yapo.

Doto ni pacha wangu. Yuko Atlanta mwaka wa kumi na moja huu. Aprili nikianza likizo ya siku 28 naenda kumwona, viza nimeshapata, na tumekubaliana tusikae tu nyumbani kwake kutazama luninga. Tutatembea kwa miguu kipande cha Georgia cha ile njia ndefu inayoitwa Appalachian Trail. Njia nzima ina zaidi ya kilomita 3,500 na inapita majimbo 14, kutoka mlima Springer kusini hadi Katahdin kule Maine. Wanaoimaliza yote kwa mkupuo mmoja hutumia miezi mitano, sita, hata saba. Sisi tuna siku tisa, maana ndizo Doto alizopewa kazini. Kwa miguu yetu ya watu wa miaka 44, tumekadiria kilomita 14 kwa siku, au 15 siku tukiwa na nguvu.

Sasa, njia hii inaanzia kileleni. Alama ya kwanza ya rangi nyeupe, ile inayokuongoza mti kwa mti hadi Maine, imepakwa juu ya mwamba wa Springer penyewe. Hakuna gari linalofika hapo. Kuna barabara ya vumbi ya msituni inayopita upande wa kaskazini; unashushwa kwenye maegesho, unapanda kama kilomita moja na nusu hadi kileleni, unagusa alama, unarudi kwa njia ileile hadi ulipoliacha gari, kisha unaendelea. Au unaanzia chini kabisa, kwenye tao la mawe pale bustani ya Amicalola, unapanda zile ngazi, halafu unafuata alama za buluu msituni kwa kilomita 14 ndipo ukutane na ile nyeupe ya kwanza.

Kilomita hizo 14 hazihesabiwi. Ukizitembea, ukafika Maine, cheti chako kitakuwa sawa na cha aliyeletwa na gari. Ni za hiari.

Doto hazitaki. Na hoja yake ni nzito, siwezi kuipuuza. Kutoka kilele cha Springer hadi Dicks Creek Gap, ambako njia inakata barabara ya lami, ni kama kilomita 111. Ukiendelea kutoka hapo hadi Bly Gap, penye mpaka wa Georgia na North Carolina, ni kama kilomita 14 nyingine. Umeona hesabu ilivyokaa? Tukianzia msituni kwa gari, siku tisa zinatufikisha mpakani. Tukianzia kwenye tao, siku tisa zinaishia Dicks Creek Gap, tunapanda gari, na mpaka tunauacha kilomita 14 mbele yetu. Ni kubadilishana tu: 14 za mwanzoni zisizohesabiwa kwa 14 za mwishoni zinazohesabiwa.

"Kulwa, nataka kuvuka jimbo kwa miguu yangu," aliniambia juzi. "Nimekaa Georgia miaka kumi na moja, sijawahi kutoka bila gari au ndege." Pale mpakani, anasema, kuna mwaloni mzee uliopinda, na kabla yake kibao kidogo kimepigiliwa kwenye mti. Anataka kusimama hapo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelifikiria jambo hili muda mrefu bila kumwambia mtu.

Tena kuna goti lake. Daktari hajamkataza kutembea, ila ngazi 604 asubuhi ya kwanza, na mzigo mgongoni, mwili bado haujazoea... Mimi ni muuguzi, najua goti likivimba siku ya kwanza, siku nane zinazobaki ni za kuugulia. Akanipa na njia ya kati: kuna maegesho mengine juu ya maporomoko, tunaweza kuanzia hapo, ngazi tukaziruka, kilomita nyingine tukatembea. Niliwaza usiku mzima. Asubuhi nikamwambia bora hata tusianzie huko kabisa. Sikuwa na maneno ya kumweleza kwa nini, akanyamaza, nami nikanyamaza.

Nimeyatafuta maneno hayo wiki nzima.

Kwanza nilidhani ni kile kimo. Niliangalia ramani nikakuta kilele cha Springer kina mita kama 1,152 kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu, uso wa maji, uko mita 1,134. Nilirudia kusoma. Yaani watoto wanaooga pale karibu na Jiwe la Bismarck, na akina mama wanaosubiri kivuko cha Kamanga, wako chini ya kilele kile kwa mita zisizofika 20! Hapa kwetu kilimani mimi naanika nguo juu kuliko Springer. Lakini tao la Amicalola liko chini sana, karibu nusu ya kimo hicho. Kwa hiyo mtu wa Mwanza akishushwa na gari karibu na kilele, atakuwa amepelekwa mbali kote huko akasimamishwa kwenye kimo cha nyumbani. Kuupanda mlima ule kunataka kwanza ushuke kwao, chini, halafu ndipo uinuke. Hilo lilinigusa. Bado halikuwa lenyewe.

Lenyewe lilikuja Jumatano, nikiwa kwenye basi kwenda Sengerema kuzika. Tulipita Daraja la JP Magufuli, lile lililofunguliwa Juni 2025. Kilomita tatu juu ya maji, dakika chache tu, kijana aliyekaa pembeni yangu hakuinua hata macho kwenye simu. Nikatazama chini upande wa Busisi, kule vivuko vilikokuwa vinatia nanga.

Mama yangu alikuwa akileta michembe na karanga Mwanza kuuza. Siku ya safari aliamka saa tisa usiku. Kijijini kwetu hadi Busisi ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa mtu mwenye gunia kichwani, na njia ina mto mmoja ambao masika ulimfika kiunoni. Alikuwa anatoka peke yake. Mimi na Doto tulisimama mlangoni na kibatari mpaka giza likammeza. Anafika kivukoni kukipambazuka, anakata tiketi, anavuka, anatafuta gari la mjini. Na jioni au kesho yake akirudi, watu wakimuuliza, "Mama Kulwa, ulisafiri saa ngapi?" jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Nimevuka na cha saa moja."

Nimevuka na cha saa moja. Safari yake ilihesabiwa kuanzia kivukoni, kwenye tiketi. Zile saa mbili za gizani hazikuwa na nauli wala tiketi, kwa hiyo hazikuwa na jina. Hata yeye hakuzitaja. Mimi mwenyewe nikiulizwa mama alikuwa anasafiri umbali gani kutusomesha, nimekuwa nikisema Sengerema hadi Mwanza, napiga hesabu ya kivuko na barabara. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Ndani ya basi lile nililia, na waliokuwa karibu wakadhani ni kwa ajili ya msiba.

Niliporudi nilianza kusoma habari za njia ile upya, na nikakuta jambo ambalo Doto naye halijui. Hapo zamani Appalachian Trail haikuanzia Springer. Ilipokamilika mwaka 1937 ilianzia mlima Oglethorpe, kusini zaidi, ikapita karibu na Amicalola ikielekea kaskazini. Makazi na mashamba yakaongezeka kuzunguka Oglethorpe, njia ikabanwa, na mwaka 1958 mwanzo ukahamishiwa Springer. Kwa hiyo sehemu ya msitu ambayo leo inaitwa ya hiari, iliwahi kuwa njia yenyewe. Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67 mwenye watoto 11, alianzia Oglethorpe akiwa na mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, ameutupia begani, na raba miguuni. Akafika Katahdin Septemba ile, mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake kwa safari moja. Kwake kilomita zile zilihesabiwa. Miaka mitatu baadaye hazikuhesabiwa tena, na miti ni ileile.

Mama yuko kwangu tangu macho yalipoanza kumsumbua. Jana jioni nilimsimulia yote, ngazi, alama za buluu, goti la Doto, mpaka. Alisikiliza huku akichambua mchele kwa vidole. Akauliza kama njiani kuna maji. Nikamwambia yapo, vijito na chemchemi, ila lazima tuyachuje. Akauliza wanyama. Dubu weusi, nikasema, chakula kinatundikwa juu ya mti mbali na mahali pa kulala. Akatikisa kichwa, akasema afadhali dubu anayekuja kufuata chakula kuliko kiboko, maana kiboko hujui alichofuata. Kisha akanyamaza sana.

"Ule mto," nikamwuliza, "masika ulikuwa unauvukaje na gunia?"

Akainua uso. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kumwuliza. Akaniambia alikuwa analitua gunia ukingoni, anavuka kwanza mikono mitupu akipapasa chini kwa mguu, anarudi, analitwika, anavuka mara ya pili. Kila safari aliuvuka mto ule mara tatu. "Mayu," akasema, "siku moja nilipoteza ndala zote mbili. Nikafika Mwanza pekupeku, nikanunua nyingine pale sokoni kabla sijauza kitu." Alizungumza mpaka saa nne. Niliijua njia ile kwa mara ya kwanza: mti wa kupumzikia, nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa akimpa kijinga cha moto, mahali ambapo mbwa walikuwa wakali. Mtoto wake wa miaka 44, ndio kwanza najua.

Niliirekodi sehemu kubwa kwenye simu. Leo baada ya mzunguko wa tatu, nimekaa juu ya jabali la katikati, ziwa limetulia, boti moja ya wavuvi inarudi Kirumba, nikamtumia Doto sauti ile bila kuongeza neno langu. Nikajiambia akikataa nitakubali, nitaanzia msituni na nitautazama mwaloni wake kwa moyo mweupe. Sikutaka kumlazimisha, mpaka ni ndoto yake kama tao lilivyo yangu, na mmoja wetu lazima akose.

Amepiga saa kumi na mbili. Amekuwa akisikiliza akiwa anaendesha, ameegesha gari pembeni. Hakuuzungumzia mpaka. Ameniuliza kama nakumbuka nani kati yetu alikuwa anashika kibatari. Nikamwambia tulikuwa tunapokezana. "Basi tuanzie kwenye tao," akasema. "Ngazi tuzipande taratibu, nitafunga goti. Hata zikituchukua saa mbili." Kuhusu mpaka, anasema kutoka kwake hadi Dicks Creek Gap kwa gari si mbali kiasi hicho, ataumaliza yeye mwenyewe siku nyingine, mimi nikiwa nimesharudi. Nimemwahidi siku hiyo nitakuwa macho saa hizi zake, nimshike kwenye simu mpaka mtandao utakapokata.

Mama ameomba aambiwe tarehe. Anataka kujua tutaanza kupanda saa ngapi za huku, nimeshamwandikia kwa herufi kubwa nyuma ya kalenda.

Begi nimelitua. Pakiti moja ya sembe nimeitoa nikasonga ugali wa jioni, tumekula na sato wa kuchemsha. Kesho nikitoka zamu nitabeba kilo 10, mara nne.