Siku nilomsingizia ami yangu kwa sababu ya 149

Mwaka wa tatu chuoni Dar nlikuwa na projekti ya mafuta ya karafuu, na mafuta yenyewe ami yangu ndo alonipakilia botini kutoka Pemba, kidumu cha lita moja kimefungwa na kanga kuukuu. Mie nimekulia jirani na Wawi, pale kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, harufu inakufuata mpaka kitandani, kwa hiyo nlijiona haya mafuta hakuna wa kunifundisha.

Kabla sijagusa mashine, yaani ile spektrometa ya masi ya kupimia uzito wa molekuli, mzee wa maabara alinikalisha kitako. Molekuli huiweki kwenye mizani, akasema, na ikiwa haina chaji huwezi kuiswaga popote, haisikii umeme wala sumaku, sasa kwanza unaipiga. Kuna kijiwaya kama cha balbu kinatoa elektroni zenye nguvu ya elektronivolti 70, molekuli ikipigwa inadondosha elektroni yake moja inabaki na chaji chanya, na kipigo chenyewe kikali mara nyingi inavunjika vipande. Vyenye chaji tu ndo vinasukumwa katikati ya fito nne za chuma, na umeme wa zile fito unabadilishwa ili kila uzito upate zamu yake ya kupita, vingine vinajigonga kwenye fito basi habari yao imeisha, na vinavyopita vinahesabiwa kule mwisho. Nikamwambia aah, kama kupepeta kwenye ungo. Akakataa. Ungo unapeperusha makapi yote kwa mpigo, hii ni mlinzi wa geti anaita namba, 50 pita, 51 pita, 52 pita.

Na yote hayo kwenye ombwe, pampu inanyonya usiku kucha, maana hewa ikiwemo ioni, yaani hivyo vyenye chaji, zitagongana nayo njiani zisifike. Kila asubuhi mzee alianza kuchungulia 28 na 32, naitrojeni na oksijeni, zikipanda anajua pahali panavuja anaanza kukaza nati huku ananung'unika.

Basi nikaingiza sampuli yangu, ambayo kabla ya kupigwa inapita kwanza kwenye mrija mrefu unaoitenganisha, kila kitu kinatoka kwa wakati wake na kilima chake kwenye skrini. Eujenoli, ndo yenyewe hasa ya mafuta ya karafuu, ikatoka safi kabisa, 164 ndo molekuli nzima, pembeni yake 149, yaani imepoteza methili, kipande chenye uzito wa 15. Nikachekelea. Kumbe kule mwisho mwisho kuna kilima kingine, nikibofya naona 149 tena lakini hii imepita zote kwa urefu, 164 haipo, kuna 167 na ka-279 kadogo. Kompyuta ikalinganisha ikasema ftaleti, dawa ya kulainishia plastiki.

Sikungoja mtu. Nikatoka koridoni nikapiga simu Pemba.

"Ami, haya mafuta mumeyachakachua."

Kimya. Alafu, "Mwanangu, mie nikuchakachulie wewe, nipate nini?"

Nikamjibu namba haziongopi. Mtoto niliyefunzwa adabu! Nikakata simu.

Mzee aliporudi akatazama skrini, hata hakukaa. "Kutoka kwenye dumu uliyahamishaje?" Nikamletea mpira wangu, ule mwangavu wa kununua kwa mita, nlikuwa nanyonyea mafuta kwenda kwenye vichupa na wiki nzima nimeuacha humohumo dumuni. Akaukunja. Haukukunjika vizuri, umekuwa mkavu una weupe kama kucha.

"Ulivyonunua ulikuwa laini?"

"Laini sana."

"Sasa ulaini umeenda wapi?"

Nlitamani ardhi ipasuke. Tukakata kipande kipya dukani, tukakilaza kwenye heksani tupu, kimiminika cha kuyeyushia, tukaingiza hiyo heksani: 149, 167, 279, mahali palepale. Namba kweli hazikuongopa, zilikuwa zinanitaja mie, na ile 149 ya eujenoli na hii ya plastiki ni vipande viwili tofauti kabisa vilivyolingana uzito tu.

Jioni nikapiga tena. "Shikamoo ami."

"Marahaba. Leo mashine imesema nani mwizi?"

Nikaomba radhi, akacheka mpaka akakohoa, na nyuma namsikia mkewe anauliza kuna nini. Wiki mbili baadaye nikapokea chupa ya kioo, ya dawa ya kikohozi iliyooshwa, na karatasi imefungwa shingoni kwa uzi, mwandiko wa ami herufi kubwa: HAYAJAPITA MPIRANI.