Jinsi Nilivyoangusha Garimoshi la Dickens Jukwaani Kisumu

Nilipoanza kuandika tamthilia kuhusu mapenzi ya siri ya Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, na mwigizaji Ellen Ternan, ambaye wengi walimwita Nelly, karibu kila niliyemweleza alinipa ushauri mbaya. Mmoja alitaka wapendanao wabusiane mapema ili watu wasisinzie; mwingine alishikilia kwamba mavazi ya enzi ya Malkia Victoria sharti yakodishwe Nairobi.

Mtu aliyejificha vile utamwonyeshaje akibusu hadharani? Dickens alikutana na Nelly mwaka 1857, yeye akiwa na miaka 45 na watoto kumi kwa mkewe Catherine, Nelly akiwa na miaka 18. Mwaka uliofuata alitengana na mkewe, na mwaka 1860 akateketeza barua alizokuwa amezihifadhi kwa miaka mingi. Nilihitaji tukio ambalo siri ilitaka kujifichua yenyewe, nikalipata Staplehurst, kijiji cha Uingereza, Juni 9, 1865, wakati garimoshi walimopanda pamoja na mama yake Nelly lilipoacha reli kwenye daraja lililokuwa likitengenezwa, wakafa watu kumi. Dickens alichota maji kwa kofia yake akawanywesha majeruhi, kisha akarudi behewani kuokoa muswada wake. Uchunguzi ulipofanyika, alikwepa kutoa ushahidi.

Kwanza nilimlipa seremala atengeneze behewa la mbao la kuvutwa kwa kamba. Siku ya mazoezi lilikwama mlangoni, tukalibomoa nusu ili lipite, na lilipofika jukwaani likalala ubavu polepole kama mkokoteni unaoshusha mahindi. Elfu sita na ushei zikaenda. Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi nikaelewa kwamba behewa halikuhitajika hata kidogo. Nilipanga mabenchi mawili yakitazamana, nikatundika kandili juu yake, na nyuma ya pazia nikaweka vijana wawili wenye mabati na mnyororo. Waigizaji hutikisika mabegani tu, kwa pamoja, huku kandili ikibembea kwa nguvu zaidi na zaidi. Kisha mabati yanalia mara moja, taa inazimwa, na gizani nahesabu hadi saba. Usipunguze hesabu hiyo, hata waigizaji wakikusihi.

Magauni tuliyamudu kwa mapazia ya mitumba kutoka soko la Kibuye na pete za bomba jeusi la maji za kuyatanua. Waya tuliojaribu awali ulipinda kila mwigizaji alipoketi.

Taa inaporudi, Dickens amesimama katikati, kofia mikononi, maji yakidondoka kwenye viatu vyake. Upande mmoja kuna majeruhi wasiomjua, upande wa pili Nelly ameumia, lakini Dickens hathubutu kulitamka jina la Nelly mbele za watu. Nilimwagiza mwigizaji asitoe neno lolote, aangalie maji tu.

Usiku wa kwanza wa maonyesho ukumbi ulinyamaza kabisa, hadi mama mmoja wa safu ya mbele aliposhindwa kuvumilia akasema kwa sauti, "Si umwite tu, baba!"

Hakumwita. Aliinama akamnywesha mgeni.