Tawi Lililochanua Kupita Kiasi

Nilivunjika mguu kwa sababu ya mti. Nikisema hivyo watu hucheka, na siku hizi nacheka nao, ila usiku ule sikucheka.

Yalikuwa majira ya machipuko, wiki ambayo mtufaha ulio nyuma ya nyumba yangu ulikuwa umefungua maua yote kwa mkupuo. Mtufaha hutoa maua kwa vichala vya matano au sita. La katikati hutangulia kufunguka, mengine yanalifuata, na kwa siku chache mti mzima huwa mweupe wenye wekundu wa mbali. Mchana jua lilikuwa kali. Jioni upepo ukageuka. Dhoruba za majira haya ndivyo zilivyo: ardhi imeshapata joto la jua, lakini huko juu hewa bado imebeba baridi ya miezi iliyopita, na ya chini ikianza kupanda kwa kasi, wingu hujengeka ndani ya saa chache. Saa nne usiku zikaanza ngurumo, kisha mvua ya mawe.

Niliusikia mti ukipasuka. Tawi likikatika hulia mara moja tu. Huu ulikuwa mlio mrefu, kama mtu anachana turubai taratibu. Nikachukua tochi na kamba, nikatoka na kandambili. Ndiyo, kandambili. Nilidhani nitafanya nini sijui, labda nitaushika usianguke. Hatua ya nne juu ya majani yaliyofunikwa na mawe ya barafu, mguu wa kulia ukaenda kwake nami nikaenda kwangu. Mfupa wa ugoko ukavunjika mahali pawili. Mwanangu, wakati huo ana miaka 16, ndiye aliyenikuta chini, kamba bado iko mkononi.

Niliporudishwa nyumbani mguu ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu, kuanzia juu ya goti hadi kwenye vidole. Nikawekwa kitanda karibu na dirisha. Vijani vyeupe vya maua vilikuwa vimeganda kwenye kioo kama karatasi zilizolowa, na nje mti ulikuwa umegawanyika kwenye panda yake. Nusu ilikuwa imesimama, nusu imeinamia chini, ikishikiliwa na ukanda wa gome na mbao usiozidi upana wa kiganja.

"Mama, tuukate tu," mwanangu akasema.

"Tusubiri."

Ningependa kudai kwamba ile ilikuwa busara. Ukweli ni kwamba nisingeweza kusimama kumwelekeza, na nilijua akiachiwa msumeno peke yake tutakuwa wagonjwa wawili. Lakini siku zilivyopita niliona kwamba majani ya ile nusu iliyolala hayanyauki. Siku ya kumi bado yalikuwa ya kijani. Kama tungekata wiki ile ya kwanza, tungekata kitu kilicho hai kwa kuwa tu hakitazamiki. Tangu hapo nimejiwekea mwiko mdogo: mambo yakiniharibikia, siku za mwanzo nafanya yale tu yasiyoweza kungoja. Kutupa, kuhama, kuacha, kuvunja, hayo yana wiki zake baadaye.

Wageni walikuja, na kila mmoja alikuja na "baada ya dhiki faraja". Siikatai methali hiyo, nimekua nayo. Ila haisemi ni baada ya muda gani, na anayelala chali akihesabu nyufa za dari hilo ndilo swali lake pekee.

Aliyenifaa zaidi katika mwezi ule alikuwa fundi wa miti. Alikuja, akauzunguka mtufaha mara mbili bila kusema neno, akakwaruza gome la tawi lililolala kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake palikuwa kijani kibichi. Akapunguza kwanza vijitawi vya mwishoni ili uzito upungue, kisha yeye na mwanangu wakalivuta tawi kwa kamba hadi ufa ukafumba. Akatoboa kwa drili kutoka upande mmoja hadi wa pili, akapitisha ufito wa chuma wenye hesi, akakaza nati pande zote mbili. Nikamwuliza kwa kupaza sauti kutoka dirishani kama atapaka rangi kwenye jeraha.

"Mama, rangi itakutuliza wewe. Mti hauihitaji."

Baadaye, akinywa maji kando ya dirisha, akanieleza kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia: mti hauponi. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya magogo kwa msumeno ili aone yaliyomo, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuonyesha jambo hilo. Sehemu iliyojeruhiwa hairekebishwi. Mti huizungushia ukuta ili uozo usisambae, kisha huotesha tabaka jipya kando yake, linalojikunja kama mdomo na kulifunika jeraha kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Chini ya tabaka hilo jeraha bado lipo. Ukiukata mti huo miaka 50 baadaye utalikuta palepale.

Huenda habari hii ingemsikitisha mtu mwingine. Mimi ilinipa pumzi. Kila mtu alikuwa ananiahidi kwamba nitarudi kama zamani, na hapa palikuwa na kiumbe kisichorudi kama zamani na bado kinaota majani.

Mfupa kwa bahati nzuri una tabia nyingine. Ukivunjika, damu huganda kwenye ufa, hujengeka kovu laini, kovu likageuka mfupa mpya wenye uvimbe, kisha mwili hukaa miezi na hata miaka ukiuchonga urudie umbo lake. Ugoko wa mtu mzima huchukua miezi minne hadi sita kushika vizuri, wakati mwingine zaidi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mfupa unadai mzigo. Julius Wolff, daktari mpasuaji wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata uzito unaobebeshwa, usipobebeshwa, hukonda. Kwa hiyo mara hogo lilipotolewa na daktari kuruhusu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinitaka niukanyagie mguu ule ule ambao akili yangu yote ilikuwa inaniambia niulinde. Alileta mizani ya kupimia uzito, akaniambia nikanyage mpaka isome kilo 10. Kilo 10! Jasho lilinitoka kama nabeba gunia.

Wiki hiyohiyo nilimwona fundi akilegeza kamba aliyofungia mti kwenye nguzo. Nikadhani amekosea. Akasema mti ukifungwa ukashindwa kuyumba, shina lake hubaki dhaifu. Nilikuja kusoma kwamba jambo hili limechunguzwa: mwaka 1973 mtafiti wa mimea Mark Jaffe alionyesha kwamba mimea inayosuguliwa au kutikiswa mara kwa mara huacha kurefuka sana, ikanenepa. Upepo ule uliopasua panda ndio huohuo, kwa kipimo kidogo, unaolifanya shina liwe shina. Nikawa na mizani yangu, mti ukawa na kamba yake iliyolegea, na kwa miezi miwili tukaenda pamoja.

Kisha nikaharibu.

Majani yalipoanza kupukutika nilitupa magongo, nikarudi kazini. Watu wakanipigia makofi. Naam, makofi ni kitu kitamu sana kwa mtu aliyelala miezi mitano, na mimi niliyanywa. Nikakubali zamu za ziada, nikachukua majukumu ya mwenzangu aliyekuwa likizo, nikajitolea kuandaa kila kitu kilichohitaji mwandaaji. Mazoezi ya mguu nikayaacha, kwani mtu anayetembea ana haja gani na mazoezi? Usiku silali vizuri, mguu unauma hadi saa nane, asubuhi naamka na kucheka na kila mtu. Ukiniuliza ningekwambia nimepona, tena nimezidi nilivyokuwa.

Katikati ya baridi goti liliniachia nikishuka ngazi. Sikuvunjika, nilikaa tu kwenye kidato na sikuweza kuinuka. Yule mtaalamu wa mazoezi akatoa futi ya kitambaa, akapima shavu la mguu wa kushoto, akapima la kulia. Tofauti ilikuwa sentimeta tatu na nusu.

"Dada," akasema, "umerudi kazini. Mguuni hujarudi."

Nilimwelewa kwa masikio tu. Kuelewa kwenyewe kulikuja majira ya machipuko yaliyofuata, na kulikuja kwa njia ya mti.

Mtufaha ule ulichanua kwa namna ambayo sijawahi kuiona, hasa lile tawi lililofungwa chuma. Lilikuwa jeupe tupu, hujui jani liko wapi. Wapita njia walisimama. Nilipiga picha, nikawatumia ndugu wote, nikaandika maneno ambayo sasa nayaonea haya, kuhusu ushindi. Kisha nikamwita fundi aje aone kazi yake.

Akatazama, akakunja uso. "Sikipendi ninachokiona."

Akanieleza. Majani hutengeneza sukari, na sukari hiyo hushuka kupitia tabaka jembamba lililo chini ya gome kwenda kulisha mizizi. Pale kwenye panda gome lilikuwa limechanika, na njia ikabaki nyembamba. Sukari iliyotakiwa kushuka ikakwama juu. Na tawi lenye sukari isiyo na pa kwenda hugeuza vitumba vyake kuwa vya maua. Wakulima wa matunda wanaijua hila hiyo. Wapo wanaochuna mkanda mwembamba wa gome kwa makusudi ili kuulazimisha mti uzae. Tena vitumba vya mtufaha hutungwa majira ya joto yaliyotangulia. Maua niliyokuwa nayashangilia yalikuwa yameamuliwa wiki chache tu baada ya dhoruba, wakati tawi lina njaa upande wa chini na shibe upande wa juu.

"Limechanua kwa sababu mizizi haipati," akamaliza.

Nilisimama pale nikiwa na simu mkononi, pongezi zinaendelea kuingia. Zile zamu za ziada, lile kucheka asubuhi, yote niliyoyaita kupona yalikuwa chakula cha mizizi kilichopelekwa kwenye maua. Sisemi kwamba kila anayenyanyuka haraka anajidanganya. Mimi nilijidanganya, na ningeendelea kama ngazi na mtufaha visingenishtaki mwaka mmoja.

Tulichofanya ni kazi ya kuchosha, wala haina uzuri wa kupigwa picha. Matunda yalipofikia ukubwa wa gololi tukaanza kuyapunguza kwa mkono. Mtufaha ukishika maua 5 hadi 10 tu katika kila 100, hayo yanatosha kwa mavuno kamili. Wenyewe huangusha mengine, lakini ule haukuwa na nguvu ya kungojewa. Kwenye tawi lililojeruhiwa tuliondoa yote. Yote. Mwanangu, akiwa juu ya ngazi, alinung'unika kwamba tunaua kitu ambacho hata dhoruba haikukiua. Nikamwambia ashuke anywe maji, kisha apande tena.

Upande wangu nilirudisha zamu za ziada, na hilo lilikuwa gumu kuliko kuzichukua. Mkuu wangu wa kazi hakufurahi. Wenzangu wawili walinuna, mmoja bado ananuna. Nikarudi kwenye mazoezi: kusimama kwa vidole vya mguu mara kumi, pumzika, mara kumi tena, mara tatu kwa siku, nikishikilia ukingo wa sinki. Baada ya wiki sita, kwa mguu mmoja. Kulala saa nne usiku, kazi imeisha isiishe. Hakuna aliyenipigia makofi. Shavu la mguu wa kulia liliongezeka nusu sentimeta kwa mwezi, miezi mingine halikuongezeka kabisa, na nilikuwa naandika vipimo nyuma ya mlango wa kabati kama mzazi anayepima urefu wa mtoto.

Mti nao una vipimo vyake, ukijua kuvisoma. Kwenye kijiti cha mtufaha, kila mahali ukuaji ulipolala msimu wa baridi hubaki alama za duara zilizosongamana, kama mikunjo ya shingoni. Nafasi kati ya pete moja na nyingine ni kazi ya mwaka mmoja. Mwaka wa dhoruba, kijiti nilichokipima kwenye tawi lile kilikuwa kimeota sentimeta nne. Mwaka wa maua mengi, tulipoyaondoa matunda, sentimeta 27.

Majira haya maua ni machache. Mpita njia mmoja alisema kwa huruma kwamba mti wangu umezeeka. Nilimwitikia tu. Mdomo wa jeraha umekaribia kukutana upande wa juu wa panda, chini bado kuna upenyo wa vidole viwili, na wiki iliyopita fundi alikata kamba kabisa, akabakiza chuma.

Juzi usiku ngurumo zilianza tena, saa ileile. Mwanangu, sasa mrefu kuliko mimi, alikuja kusimama mlangoni na tochi. Kupitia kioo tuliona tawi likienda na kurudi, likienda na kurudi, vijani vyeupe vikiruka gizani.

"Mama, nitoke?"

"Una viatu gani?"

Akatazama miguu yake. Kandambili.

"Kaa," nikamwambia. "Tutaangalia asubuhi."