Nilivyochagua laptopu na mfumo wa kazi ya usalama wa kompyuta

Watu wengi wakisikia usalama wa kompyuta wanakimbilia kuuliza Kali au Parrot (mifumo ya Linux inayokuja na zana za kupima usalama), mimi nilianza na RAM na sijutii. Kazi hii ukiiangalia vizuri ni kuendesha kompyuta kadhaa ndani ya moja, una mashine pepe ya kushambulia, una ya kushambuliwa, na ukitaka kujifunza Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi) unahitaji Windows Server moja na angalau Windows ya kawaida moja, zote zinawaka kwa pamoja, na brauza nayo inakula ya kwake pembeni. GB 8 hapo unaganda tu. 16 ndo pa kuanzia, 32 unapumua.

Kwa hiyo nikawa natafuta laptopu inayofunguka, si inayong'aa. Nikachukua ThinkPad T480 iliyotumika, ina sloti mbili za RAM, nikajaza mpaka 32, nikaweka na SSD ya TB 1. Angalizo hapa maana majina yanachanganya: T480s ni kitu kingine, RAM yake nyingine imechomelewa kabisa kwenye ubao mama, huwezi kuitoa, sloti inabaki moja tu. Soma speki za modeli yenyewe, usiamini ukoo. Halafu ingia BIOS (setingi za kompyuta kabla mfumo haujawaka) uangalie kama VT-x imewashwa, ni uwezo wa prosesa za Intel wa kuendesha mashine pepe (kwenye AMD inaitwa AMD-V au SVM), mara nyingi unaikuta imezimwa na mtu anahangaika na mashine pepe kumbe ni setingi moja tu.

Kadi kubwa ya grafiksi niliiruka. Ndiyo hashcat, programu ya kuvunja nywila, inaipenda, ila kuvunja hashi (nywila zilizofichwa kwa hesabu) usiku kucha kwenye laptopu ni kuikaanga bure, kazi hiyo nafanyia kwenye desktopu au nakodi seva. Mac za M1 na kuendelea niliziwaza sana kwa ajili ya betri, kama kazi yako ni kupima tovuti tu zinafaa mno, lakini prosesa yake ni ARM na maabara nyingi za mazoezi zimetengenezwa kwa x86 (aina ya prosesa za Intel na AMD), ukiziendesha inabidi iigize prosesa nyingine, na hapo ni kobe.

Sasa mfumo. Kali ilitoka 2013 ikirithi BackTrack, mfumo uliokuwa ukifanya kazi hiyohiyo kabla yake, naitumia kila siku ila siyo mfumo mkuu wa laptopu yangu, na hata wenyewe wanaoitengeneza wanasema haiwafai wanaotafuta desktopu ya matumizi ya kawaida. Inafuata Debian testing (tawi la Debian Linux ambalo bado linajaribiwa), apdeti zinakuja mfululizo, leo kitu kinafanya kazi kesho kimegoma, na hutaki kigome asubuhi unayokabidhi ripoti. Chini nimeweka Debian stable, lile tawi lililotulia, diski yote nimeifunga kwa nywila kupitia LUKS wakati wa kuinstoli (laptopu ikiibiwa siri za wateja hazitoki nayo), juu yake KVM ya kuendesha mashine pepe, na Kali inaishi humo. Kila mteja anapata kopi yake mpya ya Kali, kazi ikiisha naifuta, data za huyu hazigusani na za yule. Na ukiharibu kitu unarudi kwenye snapshoti (hali ya mashine uliyoihifadhi awali) unaendelea na maisha. Qubes nayo niliigusa, ni mfumo unaotenga kila kazi kwenye mashine pepe yake, wazo lake zuri sana, lakini kuendesha maabara ya mashine pepe ndani yake ni kujitafutia kesi.

Mtego wa mfumo huu wangu ni wifi. Kali ikiwa ndani ya mashine pepe haiioni kadi ya wifi ya laptopu, inaona kama mtandao wa waya tu, kwa hiyo ukitaka kupima wifi (yako au ya mtu aliyekupa ruhusa ya maandishi) lazima adapta ya USB. Tafuta chipu, siyo kampuni: AR9271 inakubalika vizuri kwenye Linux ila ni ya 2.4GHz tu, ukitaka na 5GHz MT7612U iko poa. Mfano TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza lina AR9271, matoleo yaliyofuata yana Realtek, na jina ni lilelile. Ukishaichomeka na kuipitisha kwenye mashine pepe andika iw list, usipoona neno monitor kwenye modi zake (modi ya kusikiliza data zote za wifi hewani) irudishe ulikoinunua mapema kabla siku za kurudisha hazijaisha.