Mwisho wa Reli, Halafu Majini

Treni iliingia Kigoma nikiwa na usingizi wa siku mbili na miguu iliyovimba. Sikulala. Nilikwenda moja kwa moja Kibirizi, penye boti za Gombe, nikapatana na mzee mmoja anifikishe kwenye ghuba ya mchanga, si mbali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unafuata sokwe?"

Nikamwambia nafuata samaki wanaoishi kwenye makombe ya konokono. Akacheka. "Wale hata kitoweo hawafai. Ukiona nyoka wa maji, tulia tu, atapita."

Kwa hiyo niliingia ziwani nikiwaza nyoka. Maji ya Tanganyika ni maangavu mno. Mita nne chini niliona kila punje ya mchanga. Katikati kulikuwa na kibonde kilichojaa makombe matupu, makumi kwa makumi, na juu yake samaki dume wa kijivu, urefu wake kama kiganja changu. Alilibana kombe mdomoni, akainua kichwa, akaliburuta kinyumenyume, akalitua kwenye rundo. Akarudi kufuata lingine. Ndiye Lamprologus callipterus. Mengine huyaiba kwa jirani, na wakati mwingine huondoka na kombe lenye mwenyewe ndani.

Mwenyewe ni jike. Dume la aina hii huweza kuwa na uzito zaidi ya mara kumi na mbili wa jike, kwa sababu dume lazima awe na nguvu za kubeba kombe, na jike lazima aenee ndani yake. Jike hutaga humo, naye dume asiyepata hata kuingiza kichwa humwaga mbegu zake mlangoni.

Nilipiga mbizi mara tatu kabla sijamwona wa tatu: kisamaki chembamba kikizungukazunguka pembeni. Nilidhani ni mtoto. Kumbe ni dume mzima, kibeti, uzito wake kama sehemu moja ya arobaini ya yule bwana mkubwa. Huyu habebi kitu. Hujipenyeza ubavuni mwa jike hadi kwenye pindo la ndani kabisa la kombe, akalirutubisha yai kabla mbegu za mwenye nyumba hazijafika. Nilimsubiri aingie mpaka pumzi ikaniishia. Hakuingia, lakini nilimpenda kwa ujasiri wake.

Watafiti waliowazalisha samaki hawa waliona kwamba mtoto wa kiume hufuata ya baba: wa kibeti huwa kibeti, wa jitu huwa jitu. Sasa mfikirie dume anayekomea katikati. Kombe hawezi kulibeba, na mlango wake haumwenei. Kizazi baada ya kizazi madume wadogo sana na wakubwa sana ndio ambao ziwa limekuwa likiwapa watoto, huku wa kati wakitoka mikono mitupu. Wale wanaokua kuelekea ujitu nao hupitia kimo hicho, ila wao wana pa kufika.

Nilipokuwa nageuka nilimwona mmoja wa kimo hicho, akizunguka nje ya kibonde. Jitu lilimkimbilia mara moja tu, naye akapotelea kwenye mawe.

"Umewaona?" mzee akauliza akinivuta botini.

"Nimewaona."

"Basi tuondoke, upepo unakuja. Na hao wako, kweli hawaliwi."

Akawasha injini.